Maiki ya kupimia spika: kabla hujaanza kuiamini

Wewe unayeanza kupima spika nyumbani, jambo la kwanza ni hili: grafu ikionyesha kilima kwenye 6,000 Hz (mitetemo 6,000 kwa sekunde), washukiwa ni watatu. Huenda kilima ni cha spika, huenda ni cha chumba, na huenda ni cha maiki yenyewe. Ugezi wa maiki, yaani kukagua na kusahihisha inavyosoma, unamwondoa huyo wa tatu tu. Wengi wanaoanza hudhani unawaondoa wote, kisha wanashangaa besi bado inavuma.

Ugezi wenyewe una sehemu mbili, na zisichanganywe. Ya kwanza ni kiwango: sauti ya desibeli 80 inasomwa 80, au inasomwa 74? Hapo kazi ni kama ya mkaguzi wa mizani, unaiwekea kitu cha uzito unaojulikana na kuona inasomaje. Kwa maiki, uzito huo ni kifaa kidogo kinachovalishwa kwenye ncha yake na kutoa mlio wa 1,000 Hz kwa desibeli 94, yaani shinikizo la paskali 1. Kifaa hicho ni ghali, na ushauri wangu ni usikinunue. Unakihitaji ukitaka kusema sauti ni kubwa kiasi gani hasa, kwa mfano kwenye mgogoro na ukumbi wa jirani. Kwa kurekebisha spika za sebuleni, sehemu ya pili ndiyo yenye faida: umbo. Je, maiki inazisikia sauti nene na nyembamba kwa usawa?

Umbo linaandikwa kwenye faili la masahihisho. Ni maandishi ya kawaida tu: safu moja ya masafa (zile Hz), safu nyingine ya desibeli ambazo maiki imezidisha au imepunguza. Programu ya kupimia sauti kama REW (Room EQ Wizard), inayopatikana bure, hulisoma na kuyatoa makosa hayo kwenye grafu. Maiki ya USB kama UMIK-1 ya miniDSP ina namba yake, na kwa namba hiyo unapakua faili lake, ambalo lina pia kipimo cha usikivu, kwa hiyo hata kiwango unakipata karibu na ukweli bila kifaa kingine. Ukinunua iliyotumika, dai namba kabla ya kutoa pesa. Wala usichukue faili la maiki ya mwenzako kwa sababu aina ni moja. Kwenye besi na sauti za kati maiki hizi hufanana sana. Zinaachana huko juu, kuanzia elfu kadhaa za Hz, na huko ndiko unakohitaji masahihisho.

Ukishaliweka faili, lihakiki. Lifungue, tafuta mahali palipoandikwa kwamba maiki imezidisha, tuseme desibeli 2 kwenye 10,000 Hz. Pima spika bila faili, kisha na faili. Mstari ukishuka desibeli 2 hapo, sawa. Ukipanda, faili limeandikwa kinyume na unaongeza kosa juu ya kosa.

Utakuta pia mafaili mawili, la digrii 0 na la digrii 90. La kwanza ni la maiki inayoelekezwa kwenye spika, la pili ni la maiki inayotazama dari. Wimbi la 100 Hz lina urefu wa mita 3.4 hivi, na halijali ncha imeelekea wapi. La 10,000 Hz lina sentimita 3.4, hilo linaigundua ncha na mwili wa maiki, na kusomeka kwake kunategemea linakotokea. Spika moja ikipimwa kwa karibu, elekeza na utumie la 0. Spika nyingi zilizozunguka chumba, tazamisha juu na utumie la 90. Kuelekeza kwa namna moja na kutumia faili la namna nyingine ni bure.

Sasa, maiki isiyo na faili, kama Behringer ECM8000 inayotumia umeme wa volti 48 kutoka kadi ya sauti. Si ya kutupa. Azima maiki yenye faili na ulinganishe. Weka spika moja kwenye stendi, mita 1 kutoka sakafuni, na maiki mita 1 mbele yake kwa urefu uleule. Ning'iniza uzi wenye fundo uonyeshe ncha ilipo, na uuondoe wakati wa kupima. Pima kwa ya kuazima, badilisha bila kugusa spika wala sauti ya amplifaya, rudisha ncha mahali palepale, pima tena. Sogeza mistari juu au chini ikutane kwenye 1,000 Hz, kisha toa mmoja kwa mwingine. Kasoro za spika zimo kwenye vipimo vyote viwili, zinafutana. Kinachobaki ni tofauti ya maiki.

Ugumu uko kwenye hilo “palepale”. Nyumba zetu za matofali ya saruji na vigae sakafuni zina mwangwi mkali, na ncha ikisogea sentimita chache sauti za juu zinabadilika. Kwa mpangilio huo, mwangwi wa sakafu husafiri mita 2.24 na sauti ya moja kwa moja mita 1, hivyo mwangwi unachelewa milisekunde 3.6. Iambie programu ikate hapo, isihesabu kinachofika baadaye. Gharama yake ni kwamba chini ya 280 Hz hivi huna cha kusoma. Kwa huko chini, weka ncha karibu kabisa na koni ya sabufa, bila kuigusa, na ubadilishane maiki hapo. Na kumbuka: usahihi wako hauwezi kuupita ule wa maiki uliyoazima.

Kabla ya yote hayo zima “maboresho” ya sauti kwenye kompyuta, maana yanabadilisha mlio kimyakimya. Zima pangaboi, na mvua ikipiga mabati ahirisha. Maiki ya simu iache. Nyingi hukata besi na kujipandishia sauti zenyewe.

Wa Pwani, hifadhi maiki kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na usiipulizie kuijaribu. Siku ya kwanza hifadhi kipimo kimoja cha spika ileile, kwa umbali uleule. Kila baada ya miezi kadhaa kirudie. Mstari wa sauti za juu ukihama desibeli moja, kagua kwanza mahali pa maiki. Ukihama tatu na kila kitu kiko mahali pake, tafuta tena maiki ya kuazima.