Andiko moja na mipaka ya uchaguzi Michigan

Ndugu yangu, umeuliza kama andiko la raia wa kawaida mtandaoni linaweza kweli kubadili siasa za jimbo nchini Marekani, au huishia kuwa kelele tu. Linaweza, na mfano ninaouamini zaidi ni wa Michigan.

Novemba 2016, Katie Fahey, ambaye hakuwa mwanasiasa, aliandika ujumbe mfupi kwenye Facebook kwamba angependa kupambana na uchoraji wa mipaka ya maeneo ya uchaguzi kwa upendeleo wa chama, akawaomba wenye nia kama yake wajitokeze. Wakajitokeza watu wasiofahamiana. Kwangu mimi, uzito wa habari hii uko katika yaliyofuata, kwa kuwa hawakubaki wakiandika tu: walifanya mikutano ya hadhara 33 kwa siku 33, wakawasikiliza wananchi kabla ya kuandaa pendekezo lolote, kisha maelfu ya watu wa kujitolea, bila malipo, wakakusanya saini zaidi ya 425,000 ili pendekezo lao lipigiwe kura na wananchi wa jimbo, ilhali zilihitajika 315,654. Wapinzani walikwenda mahakamani, lakini Mahakama ya Juu ya jimbo iliruhusu kura ipigwe, majaji 4 dhidi ya 3.

Novemba 2018 takriban asilimia 61 ya wapiga kura waliliunga mkono pendekezo hilo. Tangu hapo kazi ya kuchora mipaka, iliyokuwa mikononi mwa wabunge wa jimbo, ni ya tume ya raia 13: Wademokrati 4, Warepublican 4, na 5 wasiofungamana na chama chochote kati ya hivyo viwili.