Mwenye tanuru aliyeendesha chama

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kila nikisoma mambo ya chuma cha pua Marekani nakuta tajiri Andrew Carnegie tu, ila juzi jamaa kaniambia mmoja wa waanzilishi alikuwa pia mwenyekiti wa chama kizima cha siasa. Ni kweli au stori za kijiweni?

JIBU: Ni kweli kabisa ndugu, anaitwa Abram Hewitt. Kazaliwa 1822 Haverstraw, jimbo la New York, kwao hawakuwa na hela, akasoma Columbia kwa skolashipu huku anafundisha wenzake, na mmoja wao alikuwa Edward Cooper, mtoto wa tajiri Peter Cooper. Wakashibana, baadaye Hewitt akamuoa dada yake Edward. 1845 kwa mtaji wa mzee Cooper wakaanzisha kiwanda cha chuma Trenton, New Jersey.

1867 akaenda maonyesho ya Paris akakuta tanuru la Siemens na Martin: moshi wa moto unaotoka unapasha matofali, halafu hewa inayoingia inapita kwenye matofali hayo hayo, ndo joto linapanda mpaka linayeyusha chuma ghafi na chakavu pamoja. 1868 akalijenga Trenton, la kwanza Marekani. Linapika polepole, lakini fundi anapata muda wa kupima chuma chake kabla hajakimimina, na hilo ni jambo kubwa sana.

Siasa sasa. Kaingia bungeni 1875, 1876 akawa mwenyekiti wa taifa wa chama cha Demokrati akisimamia kampeni ya mgombea wao wa urais, Samuel Tilden, na hapa ndo pananiuma. Tilden alipata kura nyingi zaidi za wananchi, kura za wajumbe wa majimbo, ambao ndio humchagua rais, akawa nazo 184 imebaki moja tu ashinde, matokeo ya Florida, Louisiana na South Carolina yakagombaniwa, ikaundwa tume ya watu 15, wakaamua 8 kwa 7, mpinzani wake Rutherford Hayes wa Republican akachukua urais kwa 185. Kuna wenzake chamani walimwona Hewitt mpole mno. Mimi nasema alifanya sawa, nchi ilikuwa imetoka vitani miaka 11 tu, angewaita watu barabarani ingemwagika damu.

1886 akashinda umeya wa New York mbele ya mwandishi wa uchumi Henry George, na Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais, akiwa wa 3. Alidumu miaka miwili tu: 1888 aligoma kukagua gwaride la Mtakatifu Patrick, sikukuu ya Waayalandi, nao wakakasirika, na Tammany Hall, kundi la Demokrati lililotawala siasa za jiji na ndilo lililomsimamisha, wakamtema. Ila mwaka huo huo alikuwa ameshapendekeza jiji ligharamie reli mpya ya abiria. Treni za chini ya ardhi za New York zilianza 1904, yeye kafariki Januari 1903.