"Leo umewahi kweli!"

Juma lililopita jarida lilituuliza: "Kinaya ni nini, na kinatofautiana vipi na kejeli?" Mimi nafundisha Kiswahili hapa Busia, upande wa Uganda, na jibu langu nililipata kwa mwanafunzi.

Alikuwa mgeni, katoka Soroti, kwao wanasema Kiteso. Asubuhi moja aliingia kipindi cha pili kikiwa ukingoni, viatu mkononi, miguu imejaa tope. Nikamwambia, "Leo umewahi kweli!" Akapiga goti, uso umemchangamka: "Asante, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko. Akawa anatazama huku na huku, anatafuta kinachochekwa.

Nilichosema ni kinaya cha usemi: maneno yanakwenda huku, maana inakwenda kule, na msikilizaji anaachiwa avuke mwenyewe. Kinachomvusha ni sauti, uso na mazoea. Asiye na mazoea hubaki ng'ambo. Vicheko vilipoanza tukawa tayari kwenye kinaya cha kidrama, yaani wote wanajua isipokuwa mhusika. Wagiriki wa kale walikijua sana. Katika tamthilia ya Sophocles, mfalme Oedipus anamlaani vikali aliyemuua mfalme wa kabla yake, na watazamaji wanajua kwamba muuaji ni yeye.

Kejeli ina mlengwa, nayo inataka aumie. Yaweza kupitia kwenye kinaya, yaweza pia kudhihaki waziwazi. Sikukusudia kumkejeli binti yule, lakini katikati ya vicheko vile angejuaje?

Kinaya cha hali ndicho wengi wanakichanganya na bahati mbaya. Mvua kunyesha siku ya harusi ni bahati mbaya tu. Kinaya kipo pale jambo linapogeuka kinyume cha kusudi lake au cha tulivyotarajia. Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili; ibara inayotamka hivyo, ya 6, imeandikwa kwa Kiingereza. Wanafunzi wangu wakiisoma hawanidai mfano mwingine.

Yule binti nilimwita baada ya kipindi, nikamweleza nilichomaanisha, nikamwomba radhi. Akaniambia alikuwa amekimbia njia nzima, akadhani hilo ndilo nililoliona.