Nimepewa kozi ya AI, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja hapa Tanga, simista ijayo nimekabidhiwa kozi ya utangulizi wa akili mnemba (AI), mwaka wa pili. Kompyuta za maabara ni za kitambo, umeme ukikatika ndo basi tena, na nusu ya darasa koding bado inawasumbua. Nikiwauliza wanataka kujifunza nini wote wanasema ChatGPT. Niwaanzishie hukohuko au nianze na nadharia kama nilivyofundishwa mimi?
Mhadhiri, Raskazone

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, maana kozi hiyo wakubwa huwa wanaikwepa wanawasukumia vijana, noti za mwaka juzi zishachacha.

Historia ipe kipindi kimoja tu. Waambie John McCarthy na wenzake walivyokutana Dartmouth kule Marekani mwaka 1956, wakiamini wataalamu wachache wakikaa pamoja kiangazi kimoja watapiga hatua kubwa, halafu waambie ChatGPT imetoka Novemba 2022. Miaka iliyopita katikati wahesabu wenyewe.

Baada ya hapo kompyuta zifunge. Ndio, zifunge, wiki mbili za mwanzo karatasi na penseli zinatosha na umeme wao wakate wanavyotaka. Chukua Ngamiani yetu na barabara zake za namba, mtaa umenyooka kama daftari la hesabu, chora kwenye karatasi, ziba njia tatu nne useme wanachimba mtaro, halafu mwambie mwanafunzi atoe bajaji kona hii aifikishe kona ile. Kwanza atafute kipofupofu, kila kona anayoigusa anaiandika. Akishachoka mwongezee kitu kimoja: kwenye kila kona ahesabu mitaa iliyobaki kwenda mbele na kwenda pembeni kana kwamba hakuna njia iliyozibwa, ajumlishe na alikotoka, na kila mara aendelee na kona yenye jumla ndogo. Ataona mwenyewe kona za kugusa zinavyopungua. Hiyo ndo A*, kanuni ya kutafutia njia fupi, waliitoa Hart, Nilsson na Raphael mwaka 1968 pale Stanford Research Institute, wenye ile roboti Shakey. Kabla hawajatoka waulize, je makadirio yakizidi umbali wa kweli inakuwaje? Waache wabishane, wakigundua kwamba wanaweza kufika kwa njia ndefu huku wanajisifu ni fupi basi somo limeingia.

Halafu michezo. Ule wa XO ni mdogo, laptopu yoyote inaumaliza wote mpaka mwisho. Sasa waletee bao, bao la Kiswahili lenyewe, mashimo 32 na kete 64, mtu anatia mkono mara moja kete zinazunguka weee mpaka zije kulala, na hapo bado mwenzie hajajibu. Wakijaribu kuandika kila kinachowezekana hatua nne tano mbele karatasi zitawaishia, wataelewa kwa nini mashine inabidi isimame njiani ikadirie nani ana hali nzuri. Makadirio hayo yanatoka wapi? Mwite mzee mmoja wa barazani aje darasani, yani mlipeni nauli na kahawa, mumuulize anaangalia nini akilitazama bao: nyumba, lile shimo kuu, bado imeshiba? mbele kuna kete za kuliwa? Majibu yake wayageuze namba. Deep Blue, ile kompyuta ya IBM iliyomfunga Kasparov bingwa wa dunia wa chesi mwaka 1997, ilikwenda hivyohivyo kwa sehemu kubwa, kupekua mbali pamoja na kukadiria, na mabingwa wa chesi walisaidia kuipangia hayo makadirio.

Kujifunza kwa mashine, yani mashine kutoa jibu kwa kuona mifano, ndo usilipue. Nunua gunia la machungwa ya Muheza, kila mwanafunzi apime uzito, aipe rangi ya ganda namba, aonje, aandike tamu au chachu. Yote yanachorwa kwenye karatasi ya grafu, chungwa jipya likija wanaangalia majirani zake watatu wa karibu ni tamu au chachu, walio wengi wanashinda. Ila machungwa thelathini yafiche kabla hujaanza, hayo ni ya mtihani wa mashine na yasichanganywe na ya kujifunzia, hapa wengi wanachemsha hata wenye digrii kubwa. Mwisho lete machungwa ya mkoa mwingine uone asilimia zinavyoporomoka. Nakwambia hawatasahau kuuliza data imetoka wapi.

Wakishafika hapo ChatGPT wape wiki za mwisho. Wachukue kurasa chache za Kiswahili, wahesabu baada ya neno fulani linakuja lipi mara nyingi, watunge sentensi kwa hizo hesabu. Watacheka sana, sentensi zinaanza vizuri zinapotelea porini. Ndo uwaambie kazi ya msingi ni ileile ya kukisia kinachofuata, tofauti ni kwamba wenzetu wana nyurali netiweki, yani mtandao wa hesabu unaojirekebisha kwa mifano, kubwa mno inayotazama maneno mengi ya nyuma kwa pamoja, muundo uliotolewa mwaka 2017.

SWALI: Mwalimu, mimi hesabu zilinishinda tangu sekondari. AI naweza?
Mwanafunzi, Makorora

JIBU: Kama unajua kugawanya unaweza kuanza. Tuseme simu yako ina SMS 1,000 na 50 ni za matapeli, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Neno "tuma" limo kwenye 40 za matapeli, lakini limo pia kwenye 190 za watu wa kweli, mama yako akiwemo. SMS mpya ina "tuma", je ni tapeli? Zenye neno hilo ni 230, za matapeli 40, kwa hiyo kama asilimia 17 tu. Umeshafanya kanuni ya Bayes hapo, ile ya kukadiria uwezekano kwa ushahidi ulionao, na hujafa. Aljebra ya matriksi na kalkulasi zitakuja baadaye, usizikimbie.

SWALI: Asaimenti zote siku hizi zinanukia ChatGPT. Nitumie programu ya kuwakamata?
Mhadhiri, Chumbageni

JIBU: Usithubutu. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa ya kwao mwaka 2023, ilikuwa inanasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kusingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu, na Julai mwaka huohuo wakaifunga. Kuna watafiti wa Stanford nao mwaka huo walijaribu programu saba za namna hiyo kwenye insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha zikaitwa kazi ya mashine. Sasa fikiria mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili pale Pongwe, anajipinda kuandika Kiingereza cha kunyooka, unamfelisha kwa hilo?

Fanya hivi, asaimenti apige nyumbani na chochote anachotaka, maksi nne. Maksi sita anakuja ubaoni dakika tano, unamzibia barabara moja ya Ngamiani aliyoitegemea na anakuonyesha bajaji inapita wapi sasa.