Midomo Si Chuma: Kwa Wageni wa Safu ya Tromboni

Wadogo zangu, Jumamosi niliwaona mkipasha tromboni joto kwa sehemu ya tatu ya simfonia ya Berlioz, yule mtunzi Mfaransa, nzima, kwa nguvu zote, mwalimu hata koti hajavua. Nilicheka. Halafu tumbo likanikata, maana nilijiona mimi yule wa miaka kumi na miwili iliyopita.

1. Jueni msiba ni wa nani. *Grande symphonie funèbre et triomphale*, ndiyo hiyo simfonia yetu ya mazishi na ushindi, iliagizwa na serikali ya Ufaransa kwa ajili ya tarehe 28 Julai 1840, siku mabaki ya waliouawa katika mapigano ya Paris ya Julai 1830 yalipopelekwa chini ya nguzo ya Place de la Bastille. Wapulizaji na wapiga ngoma kama 200 walitembea na majeneza, Berlioz mwenyewe akiwaongoza huku akienda kinyumenyume. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ijaribuni mkitembea, hata jikoni. Mguu ukigoma, mdundo wenu si wa mazishi. (Nyuzi na kwaya aliziongeza 1842. Sisi hatuna, msiulize.)

2. Mapumziko hesabuni kwa vidole. Kichwa husahau.

3. Sasa lile la sehemu ya pili, hotuba ya mazishi, ambamo tromboni moja inasimama mahali pa mhubiri. Nilikuwa mgeni hapa Ufaransa, nimetoka bendi ya matarumbeta ya kanisa kule Kilimanjaro, na nilikokulia, anayesikika hadi bondeni ndiye fundi. Nilipopewa ile solo nilimpigia mama simu kabla sijamaliza kuisoma. Siku ya onyesho, sehemu ya kwanza yote, dakika kumi na saba hivi, nilipuliza kila noti ya safu yetu kana kwamba marehemu ni viziwi. Jirani yangu, mama mmoja aliyeizidi tromboni yake umri kidogo tu, aliniambia kwa mnong'ono, "Niachie mimi hizi, wewe pumzika." Nikadhani ananionea wivu!

Ikafika solo. Maneno ya mwanzo yalitoka, yakitetemeka. Nilipoanza kupanda juu, midomo ikafa. Simaanishi ilichoka: ilikufa ganzi, kama umetoka kung'olewa jino. Noti ikapasuka, iliyofuata ikawa pumzi tupu. Mwalimu akanitazama mara moja, kisha akatazama chini, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Yule mama akainua tromboni yake bila haraka, akaimalizia sentensi yangu polepole, kama shangazi anayeshika wimbo pale mfiwa anapokatika sauti. Watu wengi ukumbini walidhani imeandikwa hivyo. Mimi nilibaki nimeshika slaidi, ule mrija wa tromboni unaosogezwa, machozi yananilenga, na bado sehemu ya tatu inanisubiri.

Kumbe dawa ilikuwa ndogo: mwenye solo anapunguza katika sehemu ya kwanza, na wenzake wanabeba. Ndiyo maana tuko wengi.

4. Wa ngoma, nanyi msicheke. Siku ile ya 1840, pale Bastille, kikosi cha Walinzi wa Taifa kilianza kuondoka na ngoma zake sehemu ya mwisho ikiwa bado inapulizwa, zikaimeza. Berlioz alikuwa ameshajihami: siku mbili kabla aliwaalika watu kwenye mazoezi ya mwisho ukumbini, wakaisikia vizuri. Kila nikimwona kijana wetu wa ngoma kubwa akikunja mikono ya shati, namkumbuka Berlioz, maskini.

5. Mwageni mate yaliyojikusanya ndani ya slaidi kabla ya solo. Kusahau hilo kulinipata mwaka uliofuata, na leo sina nguvu ya kulisimulia.