Kukaa wodini Tanzania kabla ya kuomba udaktari Marekani: nenda, ila sindano usishike

Mdogo wangu, umeuliza kama wiki sita kwenye hospitali ya wilaya nyumbani Tanzania zitakusaidia kuingia chuo cha udaktari huko Marekani unakosoma. Nenda. Ila sindano usishike.

Mimi nilikwenda nikiwa mwaka wa tatu wa digrii ya kwanza. Usiku mmoja akaletwa kijana wa bodaboda, ugoko umechanika. Umeme umekatika, namulika kwa simu. Tabibu yuko peke yake na wagonjwa wengine wanamngoja. Akaninyooshea sindano ya kushonea: "Malizia wewe, si umetoka Marekani?" Kijana ananitazama, ananiita dokta. Nikamrudishia tabibu sindano, nikamwambia kijana ukweli kwamba mimi si daktari, hata chuo cha udaktari sijaanza. Tabibu alikasirika, na simlaumu, alikuwa amechoka. Nikabaki namulika na kumsemesha mgonjwa mpaka mshono wa mwisho.

Kwenye usaili niliulizwa hilohilo: ulifanya nini kwa mikono yako? AAMC, umoja wa vyuo vya udaktari vya Marekani, wana mwongozo tangu 2011: usimfanyie mgonjwa wa ugenini jambo ambalo kwenu huruhusiwi kulifanya. Kuna wanaojaza fomu kwa sifa za kuzalisha na kushona, kumbe wanajiharibia. Na tuache fomu: nani angenipa mguu wake nijifunzie kule Minnesota, Marekani?

Kitakachokubeba wewe ni Kiswahili. Kulikuwa na bibi mmoja, presha yake haishuki. Kila asubuhi anaulizwa, "Dawa unameza?" Anajibu, "Nameza." Nikakaa naye jioni, tunapiga stori za wajukuu, ndipo akasema anameza siku kichwa kikiuma tu. Nilimpelekea daktari habari hiyo, akaja kumweleza bibi taratibu. Kwenye AMCAS, fomu ya kuombea vyuo vya udaktari Marekani, unaandika mambo uliyofanya yasiyozidi 15, na 3 unayaeleza kwa urefu. Bibi huyo alikuwa mojawapo ya yangu.

Lakini safari hiyo isiwe ndiyo yote uliyonayo. Fanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi mwenye cheti, hukohuko Marekani. Mafunzo kwa sheria ya shirikisho hayapungui saa 75. Miaka miwili ya kuogesha na kugeuza wazee ilinifundisha subira kuliko wiki zote za wodini.

Kabla hujakata tiketi, muulize mwenyeji wako nani atakusimamia. Akikwambia "huku utafanya kila kitu", tafuta hospitali nyingine.