Namba kubwa, usikimbilie kalkuleta

Juzi mpwa wangu wa form one kaja na swali, 720,720 ina vigawo vingapi. Mimi kwa ujuaji wangu nikamwambia lete hapa, nikagawa kwa 2 mara nne nikabaki na 45,045, nikatoa 9, nikatoa 5, ikabaki 1,001. Nikaiangalia hiyo 1,001, haina hata sura ya kugawanyika, nikaandika pembeni "tasa", yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, nikapiga na mstari kabisa. Kuhesabu vigawo nikapata 60. Dogo kimya kimya kabonyeza simu, anko mbona 7 inaingia, inatoka 102,960 kamili?

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe 1,001 ni 7 × 11 × 13, hii ikariri kabisa. Maana yake namba yoyote ya tarakimu sita ambayo tatu za mwanzo zimejirudia, kama 583,583, ni hiyo 583 mara 1,001, kwahiyo 7, 11 na 13 zimo tu hata usijaribu. Kama hazijajirudia ikate tatu tatu kuanzia kulia, halafu toa, jumlisha, toa, jumlisha, jibu likigawanyika kwa 7, na namba nzima inagawanyika kwa 7; kwa 11 na 13 ni hivyo hivyo.

Vigawo sasa. Angalia kila tasa imetokea mara ngapi, ongeza 1, zidisha zote. Hapa 2 ni mara nne, 3 mara mbili, 5, 7, 11 na 13 mara moja moja, so 5×3×2×2×2×2 = 240. Mimi na 60 yangu! Na hakuna namba ndogo kuliko 720,720 yenye vigawo vingi hivyo, ndio ndogo kabisa inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 16. Jumlisha vigawo vyake ukiiacha yenyewe unapata 2,529,072, yaani imezidiwa na vigawo vyake zaidi ya mara tatu, wakati 12 yetu ya kila siku inaishia 16.

Upande wa pili kuna 2,147,483,647, watu wa programu wanaijua hii. Ukiikata tatu tatu, 647−483+147−2 ni 309, haiingii 7 wala 11 wala 13. Ni tasa, mwanahisabati Euler alishalionyesha hilo kufikia 1772 kwa mkono tu. Kinachookoa ni kipeuo cha pili, hapa ni 46,340 na kitu, ukijaribu tasa zote mpaka hapo bila kupata kitu unaacha, huendi mbele.

Ila usiache kabla. Jana dogo kanitumia 1,000,001, kipeuo chake ni kama 1,000, nikajaribu weee, 7 hamna, 11 hamna, 13 hamna, nikachoka nikamjibu tasa hiyo. Karudisha 101 × 9,901 na emoji za kucheka. Nilikuwa nimeishia 97.